Kufubaza kinga na kuifanya istahimili

SWALI: Katika habari za upandikizaji wa viungo nimekutana na sentensi hii: "Watafiti wanatafuta njia ya kufubaza kinga ya mwili ili istahimili figo mpya." Je, kufubaza na kustahimili ni kitu kimoja? Na wanaosema "uvumilivu wa kinga" wamekosea?

JIBU: Si kitu kimoja. Sentensi hiyo inaunganisha mambo mawili ambayo watafiti wanahangaika kuyatenganisha.

Kufubaa ni kupoteza nuru au nguvu. Nguo hufubaa, rangi hufubaa. Kufubaza ni kukifanya kitu kifubae, na wengi tumekizoea kitenzi hiki kwenye dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi. Kinafaa pia kwa siklosporini na takrolimasi, dawa za mtu aliyepandikizwa figo. Huzuia seli za T, aina ya chembe nyeupe za damu, zisiamke. Lakini seli hizo hizo ndizo zinazopambana na maambukizi, kwa hiyo mgonjwa huwa rahisi kushambuliwa na virusi, kuvu, hata baadhi ya saratani. Na dawa zikiachwa, kwa kawaida kinga huinuka na kuishambulia figo. Haikuwa imeistahimili, ilikuwa imezidiwa nguvu tu.

Anayestahimili ana uwezo wa kupiga, ila hapigi. Tuzo ya Nobel ya Tiba ya mwaka 2025 walipewa Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi kwa ugunduzi uliohusu seli za T dhibiti, zinazoizuia kinga isiugeukie mwili wenyewe. Yapo majaribio ya kuzizalisha kwa wingi maabara na kumrudishia mgonjwa, kwa matumaini kwamba kinga itaiacha figo mpya huku ikiendelea kupambana na vijidudu. Hapo ndipo mahali pa kustahimili. Mimi ningeandika: "Watafiti wanatafuta njia ya kuifanya kinga istahimili figo mpya bila kuifubaza."

Tahadhari moja kwa wanaoandika juu ya figo ya nguruwe iliyopandikizwa Boston mwezi Machi 2024. Kilichobadilishwa pale hakikuwa kinga ya mgonjwa. Nguruwe ndiye aliyehaririwa jeni, mabadiliko 69, na mgonjwa bado alihitaji dawa za kufubaza kinga. Kusema mwili wake "ulifundishwa kustahimili" ni kumpa msomaji habari isiyokuwepo.

Uvumilivu si kosa, ila siupendelei. Kuvumilia kumebeba subira na maumivu, mambo ya moyo. Kustahimili tunakutumia bila taabu hata kwa visivyo na moyo: mbegu hustahimili ukame, daraja hustahimili uzito. Kwa hiyo andika "ustahimilivu wa kinga". Usugu, ambao ni neno jirani, tuwaachie bakteria wanaoshinda dawa.