Waya au hewa? Nimekula kiapo mara moja, nimekivunja mara mbili

Mkuu, umeuliza kama kuna haja ya kugharamia faiba, ule uzi wa kioo unaobeba intaneti kwa mwanga, ivutwe kutoka nguzoni hadi sebuleni kwako, wakati watu wanasema miaka michache ijayo nyaya zitabaki kuwa vitu vya makumbusho na kila nyumba itakuwa kwenye 5G au setilaiti. Jibu langu fupi: vuta. Refu limetokana na miaka mingi ya kuhangaika na intaneti ya nyumbani, na sehemu kubwa ya mahangaiko hayo nilijitakia mwenyewe.

Nilianza na shaba, ile ADSL iliyopita kwenye laini ya simu ya mezani. Hiyo ndiyo iliyowafanya wengi wachukie nyaya, na siwalaumu. Shaba huchoka kwa umbali. Aliye mita 300 kutoka kituoni anafaidi, aliye kilomita 4 anaambulia makombo, na wote wanalipia kifurushi kilekile. Mimi nilikuwa wa makombo. Mvua ikinyesha, maji yakaingia kwenye maungio, laini inaanza kukoroma. Usiku mmoja radi ikapiga jirani. Kulipokucha modemu imekufa, na kompyuta iliyoungwa nayo kwa kebo imeifuata. Shaba ni njia ya umeme, na haichagui umeme gani upite. Nikaapa kwamba waya sitaki tena.

Nikahamia ruta ya 4G, baadaye ya 5G. Wiki ya kwanza nilijiona mjinga kwa miaka yote niliyopoteza. Hakuna fundi, hakuna kuchimba, unachomeka laini, unaiegesha dirishani upande wa mnara, basi. Saa nne asubuhi nilikuwa napata megabiti 200 na ushee kwa sekunde. Saa mbili usiku, 15. Nikabadilisha dirisha. Nikanunua antena ya nje, nikapanda juu ya paa kuifunga. Ishara ikapanda kweli, lakini saa mbili usiku ikabaki kuwa saa mbili usiku.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma badala ya kununua. Kila upande wa mnara una kipande cha masafa, yaani nafasi ya mawimbi ya redio, na nyote mnaotazamana na upande huo mnakula sahani moja. Mwanahisabati Claude Shannon alikwishaonyesha kwa hesabu mwaka 1948 kwamba kila njia ya mawasiliano ina kikomo chake, kinachotokana na upana wa masafa na jinsi ishara inavyoizidi kelele. Waya ukijaa, unalaza mwingine pembeni yake. Hewa huwezi kulaza nyingine. Zinabaki njia chache: kubana ujanja zaidi kwenye antena, jambo ambalo 5G inalifanya vizuri, kupanda masafa ya juu, au kusogeza minara karibu na watu. Masafa ya juu, tuseme gigahezi 26 au 28, yana nafasi tele, ila ukuta huyazuia, na hata mti wenye majani mengi huyadhoofisha. Kwa hiyo hata yenyewe yanadai minara iliyo karibu.

Sasa jiulize huo mnara unapata wapi intaneti. Iko minara inayorushiana kwa mawimbi, lakini unaobeba watu wengi kwa kawaida umelishwa na faiba. Kila ukiongeza minara, faiba inakaribia mlango wako. Ndiyo maana wanaotabiri kwamba 5G itaiua faiba huwa siwaelewi. Kinachobishaniwa ni mahali waya uishie: kwenye mnara, kwenye nguzo ya mtaani, au ukutani kwako.

Na faiba si shaba, tafadhali usizichanganye. Mwaka 1966 wahandisi Charles Kao na George Hockham waliandika kwamba kioo kikisafishwa vya kutosha kitaweza kubeba mawasiliano mbali kwa mwanga. Kao alipewa Nobel kwa kazi hiyo mwaka 2009. Faiba nzuri ya leo hupoteza desibeli 0.2 hivi kwa kilomita, maana yake baada ya kilomita 15 bado nusu ya mwanga imo. Chukua kioo cha dirisha, kifanye kiwe na unene wa kilomita 15, kisha jaribu kuona upande wa pili! Tena haipitishi umeme, kwa hiyo radi iliyoniulia modemu isingepata njia.

Nisikudanganye, faiba nayo hugawanwa. Mfumo ulioenea majumbani, GPON, hutoa gigabiti 2.5 kwa sekunde, na tawi moja huweza kugawiwa nyumba 32 au 64. Tofauti ni kwamba siku tawi likizidiwa, kinachobadilishwa ni visanduku vya ncha mbili, cha kwa mtoa huduma na cha nyumbani. Kioo kilekile kinabeba gigabiti 10 kwa XGS-PON, mdogo wake GPON, na kiwango cha gigabiti 50 kimeshapitishwa. Kwangu mimi, tangu siku ya kwanza nilipovuta faiba, saa mbili usiku imefanana na saa nne asubuhi, na kupakia faili kubwa kumeacha kuwa kazi ya usiku kucha.

Setilaiti nitaipitia haraka. Zile za zamani zilizokaa kilomita 35,786 juu zilikuwa na ugonjwa usio na dawa: swali kupanda na kushuka, jibu kupanda na kushuka, karibu nusu sekunde imekwisha kabla seva, kompyuta ya mbali inayokujibu, haijafanya lolote. Za chini kama Starlink, zilizo kilomita 550 hivi, zimeutibu. Ningekuwa na nyumba mahali pasipo na nguzo wala mnara, ningechukua bila kuuliza bei ya kitu kingine. Lakini setilaiti moja inahudumia eneo pana sana, kwa hiyo inawafaa walio mbalimbali kuliko waliobanana.

Kosa langu la pili lilikuja baada ya faiba, na hili wengi mnalo bila kujua. Chumba cha nyuma intaneti ilikuwa inasuasua, nikawapigia simu watoa huduma kwa maneno makali. Fundi akaja, akachomeka kompyuta yake kwenye ruta kwa kebo, kasi yote ikaonekana. Akaniangalia tu. Ruta niliificha kabatini nyuma ya televisheni, eti inaharibu sura ya sebule. Kwenye gigahezi 2.4 kuna chaneli 3 tu zisizopandiana, yaani 1, 6 na 11, majirani wote wamerundikana humo, na oveni ya maikrowevu inapiga kelele palepale. Nikavuta kebo ya mtandao hadi chumba cha nyuma na kufunga kirusha waifai cha pili. Televisheni na kompyuta ziko kwenye waya, hewa nimewaachia simu. Mimi niliyeapa, leo nina mita 60 za kebo juu ya dari.

Ile laini ya 5G usiitupe. Greda lilinikatia faiba siku 2 nzima, na ruta ya zamani ndiyo iliyotuvusha. Kisanduku cha faiba kiwekee betri ndogo pia, kwa sababu kwenye GPON kigawanyio cha njiani, kile kinachogawa mwanga kwa nyumba, hakihitaji umeme. Wa kwako ukikatika, mara nyingi ni ncha yako tu iliyolala.

Wakija kuvuta, waambie waipitishe ndani ya bomba na waache humohumo uzi wa kuvutia waya mwingine siku ukihitajika. Yangu waliizika ukutani wakaipiga lipu, nami nikapendezwa na usafi wa kazi. Siku panya walipoitafuna, ukuta ulibomolewa kutoka mlangoni hadi jikoni.