Kabla ya kugawa mzinga, tafuta yai

Kila mwaka mvua zikishakolea hapa kwetu Arua, Uganda, na simsim ikaanza kutoa maua, simu yangu hailali. Ni vijana walioanza na mizinga miwili mitatu mwaka uliopita, na swali lao ni lile lile: nyuki wamejaa mpaka wananing'inia mlangoni kama ndevu, niugawe mzinga uwe miwili leo? Nami nauliza: mayai umeyaona? Wengi hunyamaza.

Ndevu za mlangoni hazitoshi. Siku ya joto nyuki hutoka nje kupunga hewa tu. Fungua mzinga uone. Ukikuta masega ya majana, yaani watoto wa nyuki, yamefika kumi, madume wapo, na kwenye ukingo wa chini wa masega vinaning'inia vyumba vya malkia, kila kimoja mfano wa karanga yenye ganda, basi nyuki wamekwisha kukata shauri. Usipowagawa watajigawa wenyewe, na utawaona wakipita juu ya mwembe wa jirani bila hata kuaga. Madume msiwapuuze, ndugu zangu. Wakikosekana, malkia mpya atarudi nyumbani bila mbegu na atazaa madume watupu. Dume huchukua siku 24 tangu yai mpaka kutoka chumbani, halafu bado karibu wiki mbili za kukomaa.

Mara yangu ya kwanza niligawa kwa kuhesabu, viunzi (vile vijiti vinavyobeba masega) vinane huku, vinane kule, kama mtu anayegawa urithi. Mzinga mpya niliupa masega mazito kweli kweli: asali, chavua, na majana yaliyokwisha kufunikwa. Nilijisifu mbele ya mke wangu. Kumbe hapakuwa na yai hata moja. Majana yaliyofunikwa hayafanyiki malkia. Nyuki wanahitaji yai, au buu mchanga ambaye hajapita siku tatu tangu aanguliwe, ndipo wampanulie chumba na kumlisha maziwa ya nyuki mpaka mwisho. Baada ya wiki tano nilikuta nyuki vibarua, majike wa kazi wasio malkia, wenyewe wanataga: mayai matatu manne katika chumba kimoja, mengine yamebandikwa ubavuni, na vifuniko vimevimba kwa sababu mle ndani ni madume matupu. Nondo wa nta walikuwa wameshaingia. Nilichoma yale masega, basi.

Kwa hiyo zoeza jicho kwanza. Fungua mzinga jioni, saa kumi na moja hivi, jua liko mgongoni mwako na mwanga unapita juu ya bega mpaka kitako cha chumba. Yai ni kama kipande cha uzi mweupe, halifiki milimita mbili, limebandikwa chini kwa ncha moja. Likiwa jipya husimama wima. Kufika siku ya tatu limelala. Likikupotea, usiharakishe. Mimi nilitazama sega moja kwa dakika nzima bila kuona kitu, ghafla nikaona moja, kisha mia.

Ila katika mizinga yetu ya viunzi vya juu sega halina fremu, limeshikwa na nta tu pale juu. Ukitaka kuona upande wa pili, lizungushe kama mlango kwenye bawaba. Usiligeuze kama chapati. Langu liliwahi kukatika, asali na majana vikamwagika juu ya buti, na jioni ile mbuzi wa jirani waliokuwa wamefungwa karibu ndio walioona cha moto. Tangu siku hiyo mbuzi na watoto huondolewa kwanza, na sifungui mzinga peke yangu: mmoja anashika bomba la moshi, mwingine anafanya kazi.

Malkia simtafuti. Nyuki wetu hukimbia kwenye sega kama maji, utamaliza jioni nzima unakodoa macho. Ninachohakikisha ni kwamba kila upande umepata sega lenye mayai na mabuu wachanga, masega mengine mawili matatu ya majana, na chakula pembeni. Siku ya nne nachungulia haraka. Yai huanguliwa baada ya siku tatu, kwa hiyo penye mayai ndipo alipo mama. Upande wa pili utakuta vyumba vya malkia vimeanza kujengwa.

Sasa umbali. Mzinga mpya ukiuweka hatua ishirini kutoka kwa wa zamani, kesho yake mchana nyuki wanaoruka wote wamerudi kwao, na wale wachanga waliobaki hawawezi hata kulinda mlango dhidi ya siafu. Mwenye shamba la pili aupeleke kilomita tatu au zaidi, usiku, mlango umezibwa kwa wavu wa kupitisha hewa. Asiye nalo akung'ute humo nyuki wa masega mawili zaidi ya majana. Wengi wao ni walezi, hawajawahi kuruka mbali, kwa hiyo watabaki. Angalia tu usimkung'ute na malkia. Nguzo za mzinga zipake grisi iliyotumika, siafu wasipande.

Baada ya hapo, mikono mfukoni. Naandika tarehe kwa chaki chini ya kifuniko. Malkia wa dharura, yule anayelelewa na upande uliokosa mama, hutoka karibu siku ya 12 tangu kugawa, halafu anahitaji wiki moja hivi kukomaa na kutoka kupandwa, kisha siku kadhaa kabla ya kutaga. Katikati ya hesabu hii ndipo wageni wa kazi hubabaika: ukifungua siku ya 22 hutaona majana kabisa, maana ya zamani yamekwisha kutoka na mapya hayajaanza. Si msiba. Ukimsumbua malkia mbichi wakati huo, nyuki wanaweza kumuua au kuhama wote, na wa kwetu kuhama hawaoni shida.

Mimi hufungua siku ya 28. Mvua ikiwa ilinyesha mfululizo naongeza wiki, kwa sababu malkia harukii mvua. Nisipoona yai hata hapo, nachukua sega moja lenye mayai kutoka mzinga wa mama, nafagia nyuki wake, nalipachika katikati, na kuandika tarehe mpya kwa chaki.