Nyoka hana kilio: kwa mnaoanza kazi ya kutunza nyoka

Mbuzi akibanwa njiani hulia, paka hukwaruza kapu mpaka umsikie. Nyoka hana kilio. Ataiva kwa joto, atakosa hewa, atakata roho ndani ya sanduku huku nyinyi mkizungumza kiti cha mbele, na hamtajua mpaka mfunue kifuniko. Nyinyi mnaoanza kazi hii hapa Mombasa, hilo ndilo ninalotaka liwakae kichwani kabla ya jambo lolote. Shida ambayo mnyama mwingine angekupigia kelele ukaikimbilia, kwa nyoka lazima uiwaze yeye akiwa bado kizimbani.

Mimi nilijifunza kwa hasara. Ilikuwa mwaka wangu wa pili kazini, mwezi wa Februari, kaskazi imekolea, tukihama kutoka Bamburi kwenda Changamwe. Nilikodi Probox, na dereva nikamwambia tunabeba vyombo, kwa kuwa nilihofia angekataa. Tuliondoka saa nne asubuhi. Foleni ikatukamata kabla ya Daraja la Nyali, na katika ule utulivu dereva akasikia kitu kikipuliza nyuma ya kiti chake.

“Kijana, humo ndani mna nini?”

“Ni nyoka, ami. Hawana sumu.”

Akasogeza gari kando, akazima injini, akashuka na ufunguo wake, akavuka barabara. Simlaumu hata leo, yeye ndiye aliyedanganywa. Ilipita saa nzima na zaidi nikihangaika kupata gari jingine, vioo nimevifunga kwa kuogopa watu waliokuja kuchungulia. Tulipofika Changamwe nikafungua mifuko mmoja mmoja. Katika mmoja alikuwamo chatu mchanga niliyemwona kwa macho yangu akitoboa yai. Alikuwa amelegea kama kamba iliyoloa maji. Hakuwa ametoa sauti yoyote.

Basi dereva huambiwa ukweli siku ya kukubaliana bei, si njiani. Akikataa, mshukuruni, tafuteni mwingine. Na kila sanduku liandikwe kwa herufi kubwa: NYOKA, USIFUNGUE.

Kabla ya gari kuna karatasi. Nchini Kenya nyoka ni mnyamapori, na chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 mtu hamfugi wala hamhamishi kwa hiari yake tu. Kibali cha Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) kinatangulia. Chatu wamo pia katika orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo hata kuvuka Lungalunga kuingia Tanzania ni safari yenye vibali vyake vingine. Kibali kikae ndani ya gari, si ofisini kwenye faili. Na mtu akija usiku na nyoka ndani ya gunia akikuomba umhifadhie, mwelekeze KWS. Huruma yako isikuingize kwenye kesi.

Sasa tumbo. Watu wana desturi njema ya kumshibisha msafiri, lakini nyoka asafiri akiwa mtupu. Joto la mwili wake hulipata kutoka nje, na usagaji wa chakula hutegemea joto hilo. Ukimtikisa akiwa na panya tumboni atatapika, na kutapika ndani ya mfuko uliofungwa kunaweza kumsonga. Nyoka mdogo alishwe mara ya mwisho wiki moja kabla ya safari. Chatu mkubwa aliyemeza sungura mpeni wiki mbili. Maji aachiwe mpaka usiku wa mwisho, ila bakuli la maji lisiingie kwenye sanduku la safari. Mtazameni na macho pia: yakigeuka rangi ya maziwa yenye ubuluu, anakaribia kujivua gamba, haoni vizuri na ana hofu kuliko kawaida. Ahirisheni. Nyumba mpya haitakimbia.

Mfuko ulio bora mnao nyumbani: foronya ya pamba. Igeuzeni ndani nje, ili nyuzi za pindo zikae nje zisije zikamnasa meno. Inyosheni kwenye mwanga mtafute tundu, maana palipopita kichwa cha nyoka mwili wote umeshapita. Nyoka mmoja, foronya moja, hata kama kizimbani walikuwa wakilala pamoja. Fundo lipigwe juu kabisa, baada ya kuhakikisha mkia haukubanwa, na tangu hapo mkono ushike juu ya fundo tu, kwa sababu nyoka huuma vizuri sana akiwa nyuma ya kitambaa. Kisha mifuko iingie kwenye sanduku lenye matundu ya hewa, ikizungukwa na magazeti yaliyofinyangwa isije ikabiringika.

Nimeona watu wakimwagia foronya maji kwa nia njema, wakidhani wanampoza. Msifanye hivyo. Kitambaa kilicholoa huziba njia ya hewa, na unyevu wa pwani hii unamtosha.

Chatu mkubwa hana foronya ya kumtosha. Huyo atengenezewe sanduku la plaiwudi lenye komeo na kufuli, matundu yatobolewe kutoka ndani kwenda nje ili vibanzi visimchubue. Wa mita tatu hashikwi na mtu mmoja, hata kama mwaka mzima amekuwa mpole mikononi mwako. Upole wake ni wa mahali alipozoea, na siku ya kuhama hayupo mahali hapo.

Kuhusu fira, bafe na koboko sina maelezo marefu. Nyinyi wapya hamuwagusi. Wenye sumu huhamishwa na waliofunzwa, wakiwa na ndoano za nyoka, masanduku ya kufuli, na hospitali yenye dawa ya sumu imeshajulikana kabla ya safari. Mwenye hamu ya kufika huko apande gari aende Watamu, kwenye kituo cha nyoka cha Bio-Ken kilichoanzishwa na James Ashe mwaka 1980, awaone wanaojua.

Safari yenyewe iwe alfajiri. Mkiweza kuchagua miezi, chagueni ya kusi, kuanzia Juni hadi Agosti, jua likiwa na adabu kidogo. Wekeni kipimajoto ndani ya sanduku, kile chenye waya, kioo chake mkisome mkiwa mbele. Nyuzi 25 hadi 30 zinamfaa. Zikipita 35 hiyo si safari tena ni hatari, simameni kivulini mfungue milango. Sanduku lisikae juani, lisikae juu ya sakafu inayopashwa na injini, wala lisielekezwe upepo wa eisi, yaani kiyoyozi, kwa sababu baridi ya ghafla nayo humletea maradhi ya mapafu. Mkimwona baadaye akikaa mdomo wazi, ana ute puani au anapumua kwa mkoromo, mwiteni daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Tulipohamia Likoni miaka michache baadaye, nilikataa kupitia feri. Feri ni karibu, lakini hakuna ajuaye foleni yake itakuwa ndefu kiasi gani, na jua la pale halina pa kujificha. Tulizunguka kwa barabara ya Dongo Kundu. Kilomita ziliongezeka, petroli ikaongezeka, ila gari halikusimama. Nyoka anavumilia mwendo mrefu kuliko anavyovumilia gari lililosimama juani.

Vizimba vya kule vilikuwa tayari siku mbili kabla, joto limepimwa mchana na usiku, maficho yamewekwa, makomeo yamejaribiwa. Chumba tulikikagua kwa tochi, tumepiga magoti. Mwanafunzi wangu mmoja ndiye aliyegundua tundu nyuma ya bomba la eisi, pana kama kidole gumba. Tuliliziba kwa saruji kabla ya sanduku la kwanza kuingia, na mpaka leo ninaamini kijana yule alituokoa sisi na majirani zetu. Nyoka walihesabiwa kwa orodha iliyoandikwa, wakati wa kupakia na wakati wa kushusha, na watu wawili wakisoma kwa sauti. Sakafu ya kizimba tandikeni gazeti tupu kwa mwezi wa kwanza. Halipendezi, lakini utitiri na choo kibaya vitaonekana mara moja. Na mikono ioshwe kwa sabuni kila mara, vijidudu vya salmonela vinavyoharisha havichagui aliyezoea nyoka.

Kisha mwacheni. Hapa ndipo wapya wengi wanaposhindwa, kwa sababu mapenzi yanawawasha mikono. Maji safi, giza, ukimya, wiki nzima bila kumshika wala kumwonyesha wageni. Baada ya hapo mtengeeni chakula usiku. Asipokula, kiondoeni asubuhi mngoje wiki nyingine.

Chatu wetu mkubwa wa kike alikataa kula wiki saba baada ya kufika Likoni. Wiki ya tano kijana yule alinijia na wasiwasi.

“Ami, tumlishe kwa nguvu?”

“Mpime kwanza, mwanangu.”

Alimpima. Alikuwa amepungua kidogo sana, ngozi imejaa, ulimi unatoka na kuingia kama kawaida. Tukaendelea kumpima kila Ijumaa, tukaandika, tukafunga mlango. Wiki ya nane, usiku wa mvua, alimchukua sungura. Asubuhi nilikuta ukurasa umeshaandikwa kwa mkono wa kijana: tarehe, uzito wa Ijumaa iliyopita, na neno moja, “Amekula.”