Barua kwa mwanangu: mtoto aanze chekechea lini?

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama mjukuu wangu, anayekaribia kutimiza miaka mitatu, aanze chekechea muhula ujao pamoja na watoto wa rafiki zako, au asubiri kidogo, nawe unahofia kwamba akichelewa ataachwa nyuma na wenzake.

Hofu hiyo isikuharakishe. Ufaransa imefanya elimu kuwa ya lazima kuanzia miaka 3 tangu mwaka 2019, ilhali nchini Finland darasa la kwanza huanza mwaka ambao mtoto anatimiza miaka 7, baada ya mwaka mmoja wa maandalizi. Umri pekee, basi, hauwezi kukuamulia.

Mimi ningeangalia kwanza kama mtoto anaweza kumweleza mtu mzima asiye mzazi wake kwamba ana kiu, anaumwa au anataka kwenda chooni; kisha kama huko aendako yupo mtu mzima mwenye nafasi ya kumsikiliza. Hili la pili wazazi wengi hulipita haraka, nami nakusihi ulikazie macho. Mtoto wa umri huu akishtuka au akikasirika hawezi bado kujituliza vizuri. Hutulizwa na mtu aliyemzoea, na kwa kutulizwa hivyo mara nyingi ndipo anapojifunza kujituliza mwenyewe. Mwalimu mmoja mwenye watoto thelathini hawezi kuifanya kazi hiyo, hata awe na moyo mwema kiasi gani. Nenda basi katikati ya asubuhi, siku ya kawaida ya masomo, uangalie mtoto anayelia anafuatwa na nani na kwa haraka gani, na uulize walimu wamedumu hapo kwa muda gani. Ukiwakuta watoto wa miaka mitatu wameketishwa asubuhi nzima wakinakili herufi, usimpeleke, kwa sababu misuli ya vidole vyao bado haijakomaa kwa kazi hiyo, na katika umri huo lugha na akili hukuzwa zaidi na michezo, hadithi na nyimbo.

Uliza pia kama kuna mahali pa kulala, maana mtoto wa miaka 3 au 4 huhitaji usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku, ukijumlisha na ule wa mchana. Mafua ya mara kwa mara katika miezi ya kwanza yasikushangaze.

Kwa kuwa umesema kazi yako inakuruhusu kukaa naye nyumbani hadi mwakani, na kwamba bado huongea na wewe na baba yake tu, ningependa asubiri miezi sita, na katika muda huo azoeshwe kubaki na shangazi yake kwa saa chache. Ingekuwa kazi inakubana, ningekuambia umpeleke sasa bila kujilaumu, mradi shule iwe nzuri. Atakapoanza, aanze kwa nusu siku, nawe umuage waziwazi kila asubuhi. Ukitoroka akiwa anacheza, kesho yake hatakuachia mkono. Akiendelea kulia kutwa nzima kwa wiki kadhaa, zungumza na mwalimu, na ikibidi mpumzishe hadi muhula unaofuata.

Niandikie ukishaitembelea shule, unieleze uliyoyaona.

Mama yako