Maswali ya Wasomaji: Kupunguza Sukari Bila Kuuharibu Mkate wa Kumimina

Barua za safari hii, kutoka Unguja na Pemba, karibu zote zinahusu vitamu vya nyumbani na namna ya kuvipunguzia sukari. Nimechagua tano, na ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu kosa lililomo ndani yake hulifanya watu wengi.

Assalamu alaykum Bibi. Ninaishi Wete na watoto wangu wanne pamoja na mama mkwe wangu, ambaye ana kisukari. Tumekubaliana nyumbani kupunguza sukari. Mkate wa kumimina nilikuwa nautilia kikombe kimoja cha sukari kwa vikombe viwili vya mchele. Juzi nilitia robo kikombe, rojo likafurika bakulini kabla sijawasha moto, na mkate ukaiva mweupe, mgumu na wenye uchachu. Nimekosea wapi?

Waalaykumu ssalaam, mwanangu. Umeondoa robo tatu ya sukari kwa mkupuo mmoja, ilhali vipimo vingine vyote umeviacha kama vilivyokuwa. Sukari katika mkate huu haikutiwa kwa ajili ya utamu peke yake, na ukiipunguza huna budi kuzitafutia njia nyengine kazi zake zilizobaki.

Kazi ya mwanzo ni kuizuia hamira. Hamira huila sukari, lakini sukari ikiwa nyingi huyavuta maji na kuifanya hamira ifanye kazi polepole. Ulipoiondoa, hamira ilipata nafasi ya kukimbia, rojo likaumuka kabla ya saa uliyoizoea, likapitiliza na kuanza kuchacha. Kwa hiyo punguza hamira kwa kiasi cha theluthi moja, na uliangalie bakuli badala ya kuangalia saa: rojo likishajaa mapovu madogo madogo juu na kukaribia kuwa mara mbili ya lilivyokuwa, lipeleke motoni hapo hapo.

Jambo la pili ni ulaini. Sukari ikiyeyuka huongeza umajimaji wa rojo, na mkate ukishaiva huyashika maji yasikauke. Rojo lenye sukari kidogo huwa zito kuliko unavyolifahamu, na uzito huo ndio uliokupa mkate mgumu. Ongeza tui zito, kijiko kimoja kimoja cha kulia, mpaka rojo limiminike kutoka kwenye upawa kama ulivyozoea, na usiusahau ute wa yai kama nyumbani kwenu mnautia. Ama weupe, huo umetokana na kwamba sukari ndiyo inayosaidia sana kuupa mkate rangi yake ya kahawia. Dakika za mwisho ongeza makaa juu ya kifuniko, au kama unatumia jiko la umeme uongeze moto wa juu, na usiuondokee.

Kuhusu kipimo, anza na robo tatu ya kikombe. Familia ikishazoea, shuka mpaka nusu, na hapo ndipo ningekushauri usimame. Iliki uiponde siku ile ile unayopika, kwa sababu harufu yake huufanya ulimi uone utamu zaidi ya uliopo, na iliki iliyosagwa ikakaa mkebeni miezi haina nguvu hiyo. Chumvi chembe chache nazo huuinua utamu bila kujitambulisha.

Juu ya mama mkwe wako, nakuomba unisikilize kwa makini. Mkate wa kumimina hata usio na sukari kabisa ni mchele, na wanga wa mchele hugeuka sukari mwilini. Usimpe kipande kikubwa kwa kudhani kuwa sasa hakina madhara. Mpe kipande chembamba, na kiasi anachostahili kula kwa siku mkiulize kwa daktari wake.

Bibi, mimi ni kijana wa Makunduchi ninayepika kaimati nyumbani. Nilizimua shira kwa maji ili isiwe tamu sana, lakini kaimati zililowa zikawa kama sifongo. Je, kaimati zisizo tamu sana zinawezekana?

Zinawezekana, ila njia ni kinyume cha uliyoipita. Shira nyepesi hupenya mpaka kwenye moyo wa kaimati, kwa hiyo hulowa na pengine ikabeba sukari nyingi ndani kuliko ulivyokusudia. Shira nzito hubaki nje kama ganda. Basi ipike iwe nzito kama kawaida, vikombe viwili vya sukari kwa kimoja cha maji, lakini pika nusu ya kiasi ulichokuwa ukipika kwa kaimati zile zile. Zigeuze upesi ndani yake, uzitoe, usiziache zikae. Kamulia ndimu kidogo kwenye shira, maana ukali wake huukata utamu unaochosha. Lakini ukitaka ganda kavu linaloganda jeupe, punguza ndimu iwe matone machache tu, kwa kuwa ndimu huizuia sukari isigande. Unga wenyewe hauhitaji sukari, ila kijiko kimoja cha chai cha kuiamsha hamira.

Nimeambiwa kuwa nikitumia asali au sukari guru badala ya sukari nyeupe naweza kutia kiasi chochote. Ni kweli?

Si kweli. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2015 linashauri kwamba sukari za kuongezwa zisifikie asilimia 10 ya nguvu tunayoipata kwenye chakula kwa siku, na asali imo katika hesabu hiyo pamoja na juisi za matunda. Kwa mtu mzima anayekula kalori 2,000 kiasi hicho ni gramu 50, yaani takriban vijiko 12 vya chai, na chai ya asubuhi na ya jioni zimeshachukua sehemu yake. Sukari guru mimi naipenda kwa ladha yake yenye uchungu kidogo, ambayo humfanya mtu aridhike mapema, lakini ni sukari.

Ukitaka utamu usiotoka mkebeni, tafuta ndizi. Mkono wa tembo ulioiva mpaka ganda likapiga weusi umeshageuza sehemu kubwa ya wanga wake kuwa sukari, na ukiupika kwa tui, iliki na chumvi kidogo hauhitaji hata kijiko kimoja. Wengi wetu huutilia sukari kwa mazoea tu, na mimi nilifanya hivyo miaka mingi kabla sijaonja sufuria niliyoisahau kuitia.

Je, halua inaweza kupikwa kwa nusu ya sukari?

Sikushauri. Sukari ndiyo inayoishikamanisha halua pamoja na wanga na samli, na ndiyo inayoifanya ikae muda bila kuharibika. Kashata nayo ni vivyo hivyo, bila sukari ya kutosha haigandi. Vitamu vya namna hii dawa yake ni udogo wa kipande: halua kijiko kimoja, na kahawa chungu pembeni, kama ilivyokuwa ikiliwa barazani.

Bibi, naogopa wageni wa Sikukuu watasema nimekuwa bahili. Nimezaliwa Chake Chake, ambako sahani ya mgeni haipungukiwi kitu. Nifanye nini?

Naielewa hofu yako, dada yangu, kwa sababu kwetu utamu wa sahani ni heshima anayopewa mgeni. Heshima hiyo ioneshe kwa vitu vyengine vyenye thamani: lozi zilizomenywa, zafarani iliyorowekwa kwenye maziwa ya vuguvugu, tui la kwanza lisilochanganywa na la pili. Tambi zikaange mpaka ziwe za dhahabu, tia zabibu, na sukari uitie mwisho kabisa, nusu ya uliyoizoea, kisha uziandae zikiwa na joto, kwa sababu kitu baridi ulimi hukiona hakina utamu wa kutosha. Kastadi ya baridi, kwa sababu hiyo hiyo, usiipunguze sana mara ya kwanza. Usiwatangazie wageni kwamba umepunguza chochote. Weka kibakuli cha shira na kijiko chake katikati ya sinia, na anayetaka zaidi ajimiminie.