Lainibeka, usiuangalie mpira

Wadogo zangu mnaoanza mpira wa Kimarekani, mimi msimu wangu wa kwanza chuoni niliupoteza kwa kuutumbulia mpira macho. Lainibeka, mlinzi wa safu ya pili, anasimama yadi nne au tano nyuma ya wenzake wa mbele, na ukiwa pale mpira ni muongo. Kwotabeki, yule mpinzani anayeongoza mashambulizi na kutupa pasi, anajifanya anamkabidhi mkimbiaji, wewe unaruka mbele, kumbe anautupa juu ya kichwa chako. Mbio nilikuwa nazo, ila nilizitumia kuwahi mahali pasipo na mtu.

Watazame magadi, wale wazuiaji wawili waliopakana na anayeanzisha mpira. Kofia ya gadi ikiinama na kuja mbele, mkimbiaji anapewa mpira. Ikiinuka na kurudi nyuma, ni pasi. Akichomoka kwenda pembeni, mfuate, maana anamfungulia mtu njia. Nao hudanganya, ila si mara nyingi kama mpira. Haya niliyapata kwenye video, nikirudia mchezo mmoja mara ishirini mpaka mwenzangu wa chumba akahamia kulala sebuleni.

Halafu msijifunge na nafasi moja. Mathias Kiwanuka, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka aliyekuwa waziri mkuu wa Uganda mwaka 1962, alichaguliwa wa 32 na timu ya New York Giants katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NFL, ligi kuu ya Marekani, mwaka 2006, kama mlinzi wa pembeni. Mwaka uliofuata wakamfanya lainibeka. Mtu aliyezoea kuweka mkono chini na kumvamia kwotabeki, sasa asimame, asome, arudi nyuma kuzuia pasi! Novemba akavunjika mguu, na timu ikatwaa Super Bowl, fainali ya ubingwa wa ligi, Februari 2008 yeye hachezi. Aliendelea, leo pembeni kesho lainibeka, na Februari 2012 akatwaa ubingwa akiwa uwanjani. Vijana nikiwasimulia huuliza alilipwa kiasi gani.

Kocha akikupeleka kikosi cha mateke, nenda bila kununa. Timu ya NFL ina wachezaji 53, na lainibeka wa akiba mara nyingi anabaki kwa sababu anajua kumwangusha anayerudisha mpira wa teke.

Kichwa kikigongwa, sema siku hiyohiyo. Luke Kuechly, lainibeka wa timu ya Carolina Panthers, msomaji wa mchezo hodari kuliko wote niliowahi kuwatazama, alistaafu Januari 2020 akiwa na miaka 28, baada ya kutikisika ubongo zaidi ya mara moja. Mimi niliwahi kuficha. Siku mbili nilikaa darasani nisiweze kusoma ubao.