Jibu: Viatu vya harusi ya Mji Mkongwe

Assalaam alaykum, dada yangu. Umeuliza kama mchuchumio mrefu bado ni fasheni, kwa kuwa unataka jozi moja ya mbunifu mkubwa ya kuvalia harusi ya mdogo wako Mji Mkongwe. Mchuchumio haujatoka, lakini miaka hii wabunifu wameelekea zaidi kwenye viatu vya chini: Miu Miu walivirudisha vile vya wacheza baleti, vya satini, mwaka 2022, nao Alaïa wana vya wavu vinavyoonesha mguu, ambavyo kwa maoni yangu hupendeza mno juu ya hina. Kisigino kifupi chembamba nacho kimerudi, ila ndicho kinachozama baina ya mawe ya vichochoroni, na ngozi yake huchunika siku hiyo hiyo. Mimi ningechagua kiatu cha Chanel cha rangi mbili chenye mkanda nyuma, kilichoanza mwaka 1957, kwani kisigino chake ni kinene na ncha yake nyeusi huficha michubuko. Kabla hujakivaa, mpe fundi akubandikie mpira mwembamba chini ya soli.